Stumai Anajua Barua Zinakaa Wapi

Mimi ni Mkurya wa Tarime na hasira zangu ziko karibu, Kibondo nzima inajua. Kwa hiyo nikisema Stumai ni mtu wa kuvuliwa kofia, mjue sisemi ili kumfurahisha.

Stumai ana steshenari mjini: kompyuta mbili, printa na mashine ya fotokopi. Baba yake alitoka Ujiji, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mimi ninayelipwa kufundisha. Sisi walimu wa shule ya Kitahana humtumia nyaraka zetu kwenye barua pepe ya duka, tukifika anachapa.

Zamani alizifungua mtandaoni kama watu wote. Mtandao ukikatika, wateja wanakaa kwenye benchi wanamkodolea macho. Akaanza kutafuta programu ya kuziweka barua ndani ya kompyuta. Ya kwanza ilimtaka alipie baada ya mwezi, akaifuta. Kila aliyempendekezea nyingine alimuuliza swali moja tu: "Barua zenyewe zinakaa wapi?" Mwisho akachagua Thunderbird, ya bure, akaichokonoa wiki mbili mpaka ikamtii. Kila barua inayoingia, nakala inabaki kwenye kompyuta. Walimu tuna folda yetu. Kila Ijumaa ananakili zote kwenye flashi. Mimi nilimcheka, nikamwambia anajitesa bure kwa kitu cha bure.

Mwezi Machi nikapata kibali cha uhamisho. Mama yangu amepooza upande mmoja, hata kusema hawezi, yuko Tarime, nami nilikuwa nimeomba miaka mitatu. Bando langu lilikuwa limekwisha, nikakituma dukani kwa simu ya mwalimu mmoja, Stumai akachapa. Nikaitunza karatasi mkobani mpaka nimalize kukabidhi vipindi. Siku ya mwisho nilitakiwa kuifikisha ofisi ya elimu kabla ya saa tisa na nusu, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Siku hiyo bodaboda ikateleza, mkoba ukazama dimbwini. Karatasi ikawa uji, simu ikazima. Nilifika kwa Stumai saa nane na nusu, tope mpaka magotini, na mtandao ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

"Kaa, mwalimu," alisema. "Barua ziko humu."

Akafungua folda ya walimu, barua zaidi ya mia saba. Akatafuta jina langu, haikutokea, maana simu haikuwa yangu. Akatafuta "kibali". Vikaja vya watu wengine, changu hakimo. Saa ikasogea. Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nayaonea aibu, kwamba hilo lidubwana lake limenimaliza, kwamba mama yangu atakufa sijamwona. Stumai alikitazama kile kioo, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, hebu sema 'nimechelewa'."

"Nimecherewa, ndiyo! Unanitania saa hizi?"

Hakucheka. Alifuta herufi moja, akaandika nyingine. Ikatokea barua moja tu, kichwa chake nilikiandika mwenyewe kwa haraka zangu: KIBARI CHANGU.

Nililia mbele ya wateja. Stumai akachapa nakala mbili, akaziingiza kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga fundo. "Nenda sasa, dada. Pole na tope." Nikagonga mlango wa ofisi saa tisa na dakika ishirini.

Sasa niko Tarime. Juzi nilimwandikia Stumai barua pepe. Yeye hajawahi kumsimulia mtu yeyote ule mchezo wa herufi, nami namjua, angeweza kuwachekesha watu mwaka mzima. Ndani niliandika mstari mmoja: leo mama ameniita kwa jina langu. Kwenye kichwa cha barua nikaandika KIBARI, kwa makusudi, ili akiitafuta aipate hata mtandao ukikatika.