Mgebuka wa Shangazi Yustina

Nilipokuwa darasa la tatu, nyumba yetu ya Malangali ilikuwa na mwiko ambao hata baba hakuthubutu kuugusa: mgonjwa asiye na matumaini akitaja chakula kwa jina, hapewi. Wazee walisema huyo anaaga. Ukimpikia umempa ruhusa ya kuondoka, na lawama ni yako.

Shangazi Yustina, dada yake baba, alikuwa na saratani ya tumbo. Hospitali walituambia turudi naye nyumbani, tumtunze tu. Mama ndiye aliyemgeuza kitandani na kumwogesha. Uji aliukataa wiki nzima. Halafu asubuhi moja akasema waziwazi, "Wifi, nataka ugali wa ulezi na mgebuka."

Baba mkubwa, kaka yao wa kwanza, aliruka kitini. "Shemeji, usithubutu! Unataka kumzika dada yangu?"

"Shemeji, anakufa huyu," mama akajibu. "Sasa afe na njaa pia?"

Akachukua kapu, akanishika mkono, tukaenda sokoni kununua samaki. Nililia njia nzima. Nilimpenda shangazi, na niliamini kabisa kwamba mama anakwenda kumuua. Wala hakunibembeleza. "Lia, lakini tembea," alisema.

Shangazi alikula matonge manne. Alinyonya kichwa cha samaki, akalamba vidole, akamtania baba mkubwa aliyesimama mlangoni kanuna: "Kaka, wewe nuna tu, mwenzio nakula!" Tulicheka jamani, hata mimi niliyekuwa na hofu.

Siku ya tatu akafariki.

Msibani maneno yakaanzia jikoni, yakafika kwenye mikeka. Wifi zake wengine wakamgeuzia mama mgongo. Baba mkubwa akatamka mbele ya watu kwamba chakula ndicho kilichomwondoa dada yake. Mama alikuwa anapakua wali. "Ndiyo, nilimpikia," alisema. "Na angeniomba tena, ningempikia tena." Akaendelea kupakua.

Kuna ndugu ambao hadi leo hawali chakula cha mkono wa mama. Inaniuma, sifichi. Nikiulizwa kama mwiko ule ulikuwa wa kweli, najibu sijui, na wala sijali. Walioulinda kwa ukali hawakumgeuza shangazi kitandani hata mara moja. Mimi nilimwona akicheka na mafuta mdomoni, kwa sababu nyumba nzima mtu mmoja tu alikubali kulaumiwa. Wacha waseme. Mgonjwa wangu akitaja chakula, nitapika.