Nyayo Zilizokataa Kukauka

Mtaani walimwita Mama Kioo, na jina hilo hakupewa kwa urembo. Sakafu aliyoisaga yeye, ukiinama unaona kama umechana nywele au hukuchana. Kazi ya kusaga na kuziba sakafu za zege aliianza akiwa mjane kijana, mtoto mgongoni, mashine ya kuazima, na mafundi wanaume wakamcheka mpaka wakachoka wenyewe. Sasa mtoto yule ni mtu mzima. Ndiye anayeburuta kinyonya vumbi nyuma ya mama yake, na ulimi wake, nakwambia, unakata kuliko meno ya almasi ya mashine ya kusagia.

Mjane, nasema, maana ndivyo alivyojiita. Mumewe, fundi zege, alichukuliwa na mafuriko. Mwili haukuonekana, liliokotwa shati tu. Wapo waliosema hakufa, kakimbia majukumu. Mama Kioo alimfuata mmoja wao mpaka mlangoni kwake, akampa maneno yake yote, na tangu siku hiyo umbea ule ukasemwa chinichini. Binti akakua akijua baba yake alikufa, hakuwaacha. Kwa Mama Kioo tofauti hiyo ndiyo iliyomsimamisha miaka yote.

Basi wakapata kazi katika jengo lililo mbele ya nyumba yao wenyewe, ng'ambo ya barabara. Jengo lile lilikuwa ghala tangu lijengwe, na mpangaji mpya, muuza dawa, alitaka duka linalong'aa. Chumba cha mbele kilikuwa kimetandikwa zulia la plastiki, limeng'ang'ania kwa gundi nyeusi. Wakalibandua, wakawasha mashine. Gundi ikatoka, tabaka la juu likatoka, na karibu na dirisha binti akazima kinyonya vumbi.

"Mama, kuna mtu kapita hapa."

Zilikuwa nyayo za miguu mitupu. Mtu alikanyaga zege bichi, baadaye mashimo yakazibwa kwa saruji ya rangi nyingine, na sasa mashine imeyafunua. Zilitoka mlangoni, zikavuka chumba, zikaishia dirishani, vidole vimeelekea barabarani. Za kurudi hazikuwapo.

"Sasa huyu alitokaje, na dirisha lina nondo?" binti akauliza.

"Aliota mbawa. Shika kazi yako."

Mama Kioo ana desturi yake. Kabla ya kupaka dawa ya kuziba vitundu vya zege, humwaga maji sakafu nzima, kwa sababu sakafu ikilowa hukuonyesha sura itakayokuwa nayo ikishazibwa. Halafu ikikauka huvua viatu, akaipita pekupeku, maana unyayo huhisi chembe ambayo jicho haliioni. Wakamwaga maji. Sakafu ikakauka kuanzia pembeni, kama sakafu zote za Mungu, ikawa nyeupe. Nyayo zikabaki nyeusi, zimelowa tepetepe, utadhani mtu katoka mtoni sasa hivi. Wakaweka feni. Kesho yake hivyohivyo. Chumba kizima kilikuwa na joto, ila pale dirishani vinyweleo vilisimama.

Akavua viatu, akaipita. Alipofika dirishani akatazama chini. Kwenye unyayo wa kushoto, kidole cha mwisho kilikuwa kimempanda mwenzake. Mguu ule aliwahi kuucheka kitandani. Tena hakuhitaji kwenda mbali kuuona, kwani binti yake alikuwa nao uleule, ndani ya buti la kazi.

Akainua macho. Kupitia nondo, baraza yake ilionekana yote. Akalikumbuka jengo lile likijengwa. Mafuriko yalikuwa yamekwisha kupita, na yeye kila asubuhi alimwogesha mtoto pale barazani, akisikia zege likikorogwa humu ndani.

Aliogopa, jamani, na woga wenyewe haukuwa wa mzimu. Aliogopa kwamba umbea ule ulikuwa kweli.

"Nenda nyumbani, mwanangu," alisema. "Dawa nitapaka mwenyewe."

"Pale dirishani si bado pabichi?"

"Nimesema nitapaka."

Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba dawa haipakwi juu ya unyevu. Unyevu ukifungiwa chini, dawa huingia ukungu mweupe, na ukungu huo hauondoki mpaka usage upya. Mama Kioo alilijua hilo, na ndilo alilolitaka. Akachukua kitambaa, akalowesha sehemu yote ya dirishani, ili ukungu utapakae na nyayo zipotelee humo. Doa angelibeba yeye. Akapaka, akafunga mlango. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuharibu kazi kwa makusudi.

Asubuhi alimkuta binti amemtangulia, amesimama dirishani pekupeku. Sakafu ilikuwa safi inang'aa, hata pale palipoloweshwa. Nyayo peke yake ndizo zilizoingia ukungu, nyeupe kama unga, kila kidole mahali pake. Binti alikuwa ameweka mguu wake wa kushoto kando ya ule.

"Mama," alisema bila kugeuka, "huyu ni baba?"

Mama Kioo angeweza kukataa. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Ndiye."

"Alikuwa hai, au alikuwa amekwisha kufa?"

"Sijui, mwanangu. Sijui hata lipi lingeniuma zaidi."

Binti akaitazama baraza yao ng'ambo. "Labda hakuweza kuvuka."

Mama Kioo akavua viatu, akaja kusimama karibu naye. Sakafu ilikuwa kavu, lakini nyayo za miguu yake mwenyewe zililowa.

"Siku zile mlango wetu nilikuwa siutii komeo," alisema. "Mwaka mzima niliuacha hivyo, kwa ajili yake."