Udi Kwenye Ghala la Mahindi

Kwa miaka ishirini na minane sikujipaka kitu chochote chenye harufu. Nilioga kwa sabuni ya kipande, ile ya kufulia, na kitunguu kibichi sikukigusa siku ya kazi. Siku ya harusi yangu shangazi mmoja alinijia na chupa ya marashi, nikamshika mkono kabla hajaninyunyizia, kwa sababu ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja na Jumatatu magunia yalikuwa yananingoja Kitale. Watu walidhani ni ulokole. Ulokole gani. Ilikuwa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kunusa mahindi. Baba alikuwa na ghala Kitale, akinunua kwa wakulima wa sehemu za Kwanza na Ndalu na kuwauzia wenye vinu. Kuna mashine ya kupima unyevu, lakini mashine haijui kwamba mahindi yalinyeshewa yakiwa shambani, yakashika kuvu, kisha yakaanikwa vizuri na kufichwa katikati ya gunia. Pua inajua. Unaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, unatoa konzi moja, unaipumulia ipate joto, unanusa. Kati ya watoto sita wa baba ni mimi tu niliyekuwa na pua hiyo. Aliigundua nikiwa darasa la saba, nilipokataa ugali ambao wenzangu waliumaliza, na usiku huo wote wakaumwa na tumbo. Baba alipofariki, kaka yangu mkubwa alirithi ghala, na mimi nadhani nilirithiwa pamoja na mizani.

Sheria ya baba ilikuwa fupi: anayenusa hanukii. Hakuna aliyeniuliza kama naipenda. Nami nilipenda manukato tangu utotoni. Nyumbani kwangu ni Bungoma, Kitale nilikuwa nikienda kwa msimu tu, na pale mjini Bungoma karibu na msikiti kuna duka la mafuta ya manukato ya Uarabuni. Kila nilipolikaribia nilivuka barabara, nikapita ng'ambo upesi. Nilivuka barabara hiyo miaka ishirini na minane.

Kisha nikaugua homa, homa ya kawaida tu, ya kunywa dawa na kulala. Siku ya sita niliamka niko mzima, nikabandika maharagwe, nikakaa mlangoni kuchambua mboga. Binti yangu aliingia kutoka nje mbio. "Mama, maharagwe inaungua, si unasikia?" Moshi ulikuwa umejaa jikoni. Sikuwa nimesikia chochote. Nilinusa sufuria, nikanusa mafuta ya taa, nikanusa kwapa langu mwenyewe. Dunia nzima ilikuwa imeoshwa.

Daktari alisema harufu huenda ikarudi, huenda isirudi, ningoje. Nimewahi kungoja mvua, nimengoja bei ya mahindi ipande, marehemu mume wangu nilimngoja hadi akaamua kunioa. Pua yangu sikuwa tayari kuingoja nimekaa. Kaka yangu alipopata habari alinipigia simu. Hakuwa mkali. "Pumzika kwanza, dada," alisema. "Tutatafuta vijana na mashine. Si sasa hata unaweza kujipaka marashi." Akacheka. Alitaka kunichangamsha, najua, lakini kile kicheko kiliniuma. Mtu amenifungia mlango maisha yangu yote, anaufungua siku niliyopofuka.

Basi nikasema nitauingia hivyo hivyo, nikaenda kwenye lile duka karibu na msikiti.

Mwenye duka ni mama mtu mzima, Mwislamu, aliyezaliwa hapo hapo Bungoma na anayeongea Kibukusu safi kuliko binti yangu. Alinikaribisha, akauliza kama natafuta ya zawadi ama ya kwangu. Nikasema ya kwangu. Neno lilikuwa tamu mdomoni. Akachovya kijiti cha kioo kwenye chupa moja, akanipaka nyuma ya mkono.

"Hii je?"

"Nzuri."

"Na hii?"

"Hii imeshinda ile."

Akanipaka ya tatu. Nikafumba macho, nikavuta pumzi kwa madaha, nikamwambia hii ndiyo yenyewe, nifungie. Akaweka kijiti chini.

"Mama, hiyo ni mafuta ya nazi. Ni yangu ya nywele."

Nilitaka kutoka, nikashindwa kuinuka kwa aibu. Ndipo nikamweleza yote, tangu baba na magunia hadi maharagwe. Alisikiliza huku akifuta kijiti chake kwa kitambaa.

"Sasa unanunua ya nini kama husikii?"

"Kwa sababu nilikatazwa."

Hilo alilielewa. "Lakini leo sikuuzii," alisema. "Nikikuuzia kitu husikii, hiyo ni wizi. Kuja Jumatano."

Nilienda Jumatano, na Jumatano iliyofuata, na nyingine nyingi. Alinipangia chupa nne: waridi, miski, msandali, udi. Kila mara alitaja jina kwanza ndipo anipake. "Hii ni waridi. Kumbuka waridi hata kama haiko." Nilinusa polepole, nikanywa chai yake isiyo na harufu, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Jirani mmoja aliniuliza naenda kwa Waislamu kutafuta nini. Nikamwambia natafuta pua. Binti yangu alisema, "Mama, si uachane nayo tu, bana. Hakuna mtu anajua kama hunusi." Mimi nilijua. Isitoshe, nilikuwa nimeshaanza kuoga mara tatu kwa siku kwa kuogopa kwamba nanuka, na hayo si maisha.

Harufu iliporudi ilirudi imepinda. Kwanza chai, ikanuka mpira unaoungua. Kisha waridi, lile nililokuwa nikilitamani ng'ambo ya barabara, likanitia kichefuchefu nikatoka nje kutema mate. Miski ilikuwa dawa ya viroboto. Msandali haukuwa kitu. Nilimwambia mama wa duka kwamba afadhali isingerudi kabisa, akaniambia ninyamaze, ninuse udi.

Siku hiyo ilikuwa ikinyesha. Niliinua mkono, nikasikia ng'ombe. Lilikuwa zizi la mama yangu kule Ndalu, asubuhi ya mvua: mbao zilizolowa, kinyesi kibichi, ndama aliyelala. Nyuma ya zizi kulikuwa na moshi, na nyuma kabisa ya moshi kitu kitamu ambacho sikujua jina lake. Hakikupinda popote. Niliweka kichwa juu ya meza ya watu nikalia.

"Umesikia nini?"

"Zizi," nikasema.

Alicheka mpaka akashika meza. "Hiyo ndiyo udi yenyewe, mama. Wengine wakija hapa wanataka ile imetiwa utamu. Hii halisi wanasema inanuka mbuzi." Kisha akawa mkweli kwangu. Kama nataka sifa, alisema, ningoje pua ipone nichukue miski, kila mtu anaipenda. Hii udi watu watanikimbia.

"Naitaka hiyo," nikamwambia.

Chupa ilikuwa ndogo kama kidole cha mtoto, na kwa bei yake ningepata ndama wa kweli. Nililipa kwa pesa zangu, sikumwomba mtu ruhusa. Nyumbani binti yangu alininusa mara mbili, akarudi nyuma hatua moja. "Mathe, kusema ukweli, unanukia zizi ya mdosi." Zizi, lakini la tajiri. Kanisani mama aliyezoea kukaa kando yangu alisogea mbali kidogo, nikapata mahali pa kuweka mkoba. Sijawahi kujisikia vizuri hivyo.

Polepole mengine yakafuata. Chai ikawa chai. Siku moja nilimwambia binti yangu kwamba maziwa yameanza kuganda, kabla hajafunua sufuria, naye akampigia mjomba wake simu. Wiki hiyo hiyo kaka yangu akaja Bungoma, na sukari kilo mbili na mkate, mzigo wa mtu anayekuja kuomba.

Mambo ghalani yalikuwa yameharibika. Mwenye kinu alikuwa amemrudishia lori zima kwa sababu ya kuvu, na mavuno mapya yalikuwa yameanza kuingia. "Dada, wewe ndiyo jina ya hiyo ghala," alisema. "Rudi." Kisha akakunja uso, akaangalia chini ya kiti. "Na hii ni nini inanuka hivi?"

"Ni mimi."

Nikamwonyesha chupa. Aliigeuza mkononi, akairudisha mezani. "Sawa. Lakini ukikuja Kitale utaitoa, si ndiyo?"

"Hapana."

"Huwezi sikia mahindi na hii kitu mkononi."

"Labda."

"Baba angesema nini?"

"Baba alisema nina pua," nikamwambia. "Hakusema ni yake. Na wewe hukuirithi."

Alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Nami sikuwa jasiri kama nilivyosikika. Nilikuwa sijui kama naweza. Huenda alikuwa na haki, huenda baba alikuwa na haki, na mbele ya magunia nitasikia udi peke yake. Ingekuwa hivyo ingebidi nichague, ghala au chupa, na jibu nilikuwa nalo tayari, chupa, nalo lingevunja jina langu lote. Lakini nilitaka vyote viwili, na sikuona kwa nini nisivitake.

Nilifika Kitale Alhamisi. Mkulima mmoja wa Kwanza alikuwa ameleta magunia ishirini, amesimama nayo pamoja na mkewe. Wapakiaji waliketi ukutani wakinitazama, na kaka yangu alisimama mlangoni mikono nyuma, kama baba alivyozoea. Harufu yangu ilikuwa imefika kabla yangu. Mpakiaji mmoja aliuliza kwa sauti ya chini ni nani amechinja mbuzi.

Nilianza na udi. Niliinusa hadi ikajaa, nikangoja ipite, ndipo nikaingiza mkono kwenye gunia la kwanza. Mahindi yalikuwa mahindi. La pili pia, na la tatu. Udi nilikuwa nimeisoma Jumatano nyingi kiasi kwamba niliweza kuitoa kando, na kilichobaki kilikuwa cha gunia. La saba niliponusa nilijua.

"Hili limeoza. Hapa katikati."

Kaka yangu akachukua bambo, ule mkuki wenye mfereji, akadunga tumbo la gunia. Punje zilitoka za kijivu. Mkulima akatazama viatu vyake. "Nilikuambia," mkewe akamwambia. Ukutani hakuna aliyezungumza tena habari ya mbuzi.

La kumi na nne nililinusa mara tatu. Palikuwa na kitu au hapakuwa na kitu. Nikapumulia konzi, nikanusa tena.

"Hili sijui," nikasema.

Katika ghala lile sikuwa nimewahi kutamka hivyo. Kaka yangu aliinama karibu nami, lakini watu walisikia. "Umeona sasa? Enda uoge, dada. Maji iko huko nyuma."

Nikasimama pale na unga wa mahindi hadi kwenye kiwiko. Lililokuwa kweli nililijua mimi peke yangu: hata nilipokuwa sinukii kitu, kulikuwa na magunia nisiyoyajua. Siku hizo nilisema gunia limeoza, kwa kujilinda, na kwa kuwa ni mimi niliyesema hakuna aliyeleta bambo. Gunia lilifungwa, mtu akalibeba kurudi nalo Kwanza au Ndalu, watoto wake wakakosa karo au viatu. Ni mangapi, sijui. Pua safi ya baba ilisema uongo bila kupepesa macho, na watu wakaisifu.

Nikatoa chupa kifuani, nikaifungua mbele yao, nikajipaka tena, mkono wa kulia na wa kushoto.

"Mwageni," nikawaambia wapakiaji. "Mwageni lote tuone."

Walimtazama kaka yangu. Naye akatikisa kichwa kukubali. Wakatandika turubai, wakamwaga. Mke wa mkulima alipiga magoti, akayapitisha mahindi vidoleni kutoka juu hadi chini. Yalikuwa meupe yote.

"Si hii ni safi," alimwambia kaka yangu.

"Ni safi," nikasema mimi.

Tulimaliza sita yaliyobaki, wakalipwa, wakaenda na lile gunia lao moja. Kaka yangu alibaki akizungushazungusha bambo.

"Kwa hivyo utakuwa unasema hujui, mbele ya watu?"

"Nikikosa kujua."

"Na hiyo udi?"

"Na udi."

Alitazama nje. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi kwenye lango, na lori jingine lilikuwa likirudi nyuma kuingia. "Kesho kuja saa moja," alisema. Nilikuwa nimeshachukua mkoba wangu alipoongeza, "Na ujipake kidogo tu."

Kesho yake nilifika saa moja kasorobo. Nilikuwa nimejipaka mikono yote miwili, nyuma ya masikio, na shingoni.