Kipimo cha Shemeji

Mume wangu alikuwa fundi wa magobore, na kama kuna mtu mkaidi zaidi yake aliyewahi kushika tupa, mimi sijamwona. Mteja aliingia karakanani kwetu akijua anachotaka, akatoka na kile alichotaka fundi. Gobore linashindiliwa kwa mdomoni, alisema, kwa hiyo linakatwa kwa mwili wa mtu, na mwenye mwili huwa hajijui. Weee! Nimeyasikia maneno hayo mpaka nikawa nayasema usingizini.

Alimpima mteja kama fundi cherehani. Anamsimamisha wima, anamwekea mtutu mtupu kando ya mguu, mdomo wa chuma ukitazama juu. Ukipita kwapa ni mrefu mno: mtu hawezi kuingiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, bila kuleta uso wake juu ya tundu, na huko porini utanasa kwenye kila kichaka. Ukiishia kiunoni ni mfupi mno: baruti itawakia nje, moto mwingi, marisau, zile risasi za chembechembe, hayafiki popote. Halafu upana wa tundu. Hapo ndipo vita vilipoanzia, maana wanaume wote wanataka tundu pana.

"Tundu pana lina njaa," alikuwa akiwaambia. "Ukilinyima baruti, marisau yanadondoka miguuni pako. Ukilishibisha, linakuvunja bega. Chagua." Kisha anawachagulia mwenyewe, jembamba kuliko walivyotaka. Bwana mmoja mkubwa, mwenye kitambi na dereva wake, aliondoka amefura kwa hasira bila bunduki. Mume wangu hata hakuinua kichwa.

Basi siku moja akaja shemeji. Huyu ni kaka yake mume wangu, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, watoto hakujaliwa, na alikuwa akilima peke yake shamba lililo ubavuni mwa msitu, ambako nguruwe walikuwa wakila hata mbegu ardhini. Bunduki yake ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu. Alitaka mpya, ifanane na ile ya marehemu baba yao: tundu linalomeza dole gumba, mtutu unaofika kidevuni.

"Kaka, kidevuni hapana," mume wangu akamwambia. "Na dole gumba hapana. Kwako wewe ni kidole kidogo, na mtutu uishie hapa, chini ya kwapa."

"Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekufundisha kuvaa suruali. Leo unanipimia?"

Tulicheka wote watatu. Wakatoka uani kujaribu gobore la mteja mwingine, shemeji ausikie uzito wake begani. Nilikuwa palepale naanika nguo, kwa hiyo hili sikuhadithiwa. Shemeji alimimina baruti, akatia kitambaa, akatia gololi, akashindilia vizuri kabisa. Jirani akapita akamsalimia. Wakaulizana hali, wakaulizana mvua, jirani akaenda zake. Shemeji akaichukua tena chupa ya baruti, akaanza kumimina upya katika mtutu uleule.

Mume wangu aliudaka ule mkono. "Baruti hiyo imeshika unyevu, kaka. Ngoja nikubadilishie." Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Mtu yeyote wa kazi hii anajua kwamba mtutu ulioshindiliwa mara mbili unaweza kupasuka, na wakati huo uso wa mwenyewe uko pua na mdomo na chuma. Shemeji yeye alikuwa anatabasamu tu, hana habari.

Tulipokaa kula, shemeji ameshaondoka, nilimjia juu. "Mkatalie! Mwambie macho yako yamechoka, mwambie lolote."

"Nikimkatalia ataenda kwa wale wanaotengeneza kwa mabomba ya maji. Hao hawatamtazama mkono."

"Basi mwambie ukweli, akae nyumbani."

"Lile shamba ndilo linalomwamsha asubuhi. Nikimwambia akae ndani, nimemuua mimi mwenyewe." Akaisukuma sahani, chakula hakijaguswa.

Alianza na mtutu mnene wenye tundu jembamba, mzito wa kustahimili makosa. Akaugeuza mkononi siku nzima, mwisho akauegemeza ukutani. Huu utastahimili mara mbili, alisema, na nani ameniambia ataishia mbili?

Halafu nikamkuta anaufanyia kazi mtutu mwingine. Nikautazama, nikadhani macho yangu yamepata wazimu. Tundu pana la kumeza dole gumba, urefu wa kufika kidevuni.

"Ala! Si ndicho kipimo ulichokikataa?"

"Ndicho alichokitaka."

"Tangu lini wewe unampa mtu anachotaka? Unamchongea kaka yako jeneza, haki ya Mungu, na mimi sinyamazi!"

Alichukua sindano yangu ya kushonea, akanipa, akanionyesha kichuchu kilicho nyuma ya mtutu, pale fataki, kile kikofia kinachogongwa na nyundo, inapovishwa na moto wake hupenya kuifikia baruti. Nikaichomeka sindano. Haikuingia. Nikajaribu tena. Hakikuwa kimetobolewa.

"Fataki italia," akasema, "na nguruwe watausikia mlio wake. Moto hautapita." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Bunduki isiyolipuka haina kipimo kibaya. Angalau apate ile aliyoililia."

Nikairudisha sindano kikapuni, nikamwekea chai.

Shemeji alilipokea kwa furaha ambayo sijui niielezeje. Alipita nalo barabarani begani kama bwana harusi, watu wanamshangilia. Kila baada ya muda alilileta lisafishwe, eti siku hizi linagoma, linatoa kamlio kadogo. Mara ya kwanza mume wangu alijifungia nalo ndani, akaanza kuvuta yaliyomo kwa parafujo iliyofungwa kwenye mdeki. Aliponiita, juu ya benchi palikuwa na kitambaa, gololi na baruti. Tena kitambaa, gololi na baruti. Tena, na tena, zimeenea benchi zima. Kila jioni alikuwa ameshindilia juu ya jana yake. Mume wangu alikaa sakafuni akalia kwa sauti, mtu mzima yule, nami nikakaa karibu naye.

Ikaja siku moja shemeji aliingia macho yake yametulia, anatujua wote, anauliza hadi habari za mama yangu. Akaliweka gobore juu ya benchi.

"Mdogo wangu, tangu lini wewe unampa mtu kipimo anachokitaka?"

Tupa ya mume wangu ilisimama.

"Nilijua siku ileile uliponikubalia," shemeji akaendelea. "Nikasema, huyu ameniona kitu kichwani; nikakitazama kichuchu, hakina tundu."

"Mbona hukusema, kaka?"

"Ningesema, ungenitobolea?"

"Hapana."

"Basi." Akampiga piga begani, akaitwaa bunduki yake. "Jua linazama, nguruwe hawaningojei." Mume wangu alimsindikiza hadi njia panda, na aliporudi uso wake ulikuwa mwepesi. Sikuwa nimeuona hivyo muda mrefu. Usiku huo alikula akamaliza, akaomba nyongeza.

Wiki iliyofuata shemeji akarudi tena. Alisimama mlangoni kama mteja, akasubiri akaribishwe. Mume wangu akaacha kazi, akamwendea amenyoosha mikono yote miwili. Shemeji akaiweka bunduki katika mikono ile.

"Samahani, fundi," akasema kwa adabu kubwa. "Nimeelekezwa hapa. Hii bunduki ni ya marehemu baba yangu, na hailii. Naogopa nikifa, mdogo wangu ataikuta mbovu."

Mume wangu akailaza bunduki juu ya benchi, akamvutia kiti.

"Kaa kitini, mzee wangu," akamwambia. "Nitamtengenezea huyo mdogo wako."