Kumnyamazisha Bi Kufuli

Ukikutana na Kasuku njiani, hutamtazama mara mbili. Ni mwanamume mfupi, mdomo mzito, taulo shingoni kama mtu aliyetoka kuoga akasahau kuliacha nyumbani. Dukani hununua mkate kwa kuunyooshea kidole. Lakini siku akikuambia "samahani" tu, utageuka. Utajiuliza sauti hii umeisikia wapi. Umeisikia kwako, sebuleni, ndani ya televisheni: mara jambazi, mara hakimu, mara bibi harusi anayelia.

Kazi yake ni kutia Kiswahili kwenye tamthilia za nchi za mbali. Wenyewe wanaigiza, yeye anasema. Wakikaa meza moja watu kumi na mbili wakagombana, wote kumi na mbili ni Kasuku, na paka aliye chini ya meza ni Kasuku pia.

Chumba chake kiko nyuma ya karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma. Kutani amebandika trei tupu za mayai kuzuia mwangwi, mlangoni amesimamisha godoro, na feni ipo lakini haiwashwi kwa sababu maiki huisikia. Kazi ya lile taulo ni kufuta jasho la humo. Hurekodi fundi anapokwenda kula, kukiwa hakuna mashine inayolia. Fundi akichelewa kurudi, Kasuku humwombea dua.

Na ana mwiko wake. Hatazami mbele. Watafsiri wengine huitazama tamthilia mpaka mwisho ndipo washike maiki. Aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba mshtuko wa kupikwa hauliki: mtu akipigwa risasi, na wewe ushtuke. Kwa hiyo Kasuku hubonyeza, akaona, akasema papo hapo, kama mtu anayesimulia ugomvi wa majirani huku amechungulia dirishani.

Nyumbani alikuwa peke yake. Mkewe, msusi, alikuwa amehamia kwa mama yake upande wa pili wa mji. Hawakurushiana sahani. Alikunja nguo zake taratibu, akasema, "Nimeolewa na watu arobaini, na mume wangu simwoni kati yao." Maana ukimletea Kasuku jambo zito, alikujibu kwa sauti ya mkuu wa polisi. Mkewe alipomwambia kwamba mguu wa mama yake umezidi kuvimba, alimjibu kwa sauti ya daktari mlevi wa tamthilia ile ya hospitali. Alidhani anamchekesha. Miaka ya mwanzo alikuwa anamchekesha kweli.

Lakini mkewe hakuacha kutazama kazi zake. Kila Jumapili alasiri alipiga simu, wakasalimiana, kisha akasema ile nimeiona, ile nimeizima. Kasuku alikuwa anaishi kwa simu hiyo.

Basi siku moja Tajiri, mwenye duka linalouza hizo tamthilia, alimletea mzigo mpya.

"Hii huko kwao imesifiwa mpaka wakachoka," alisema, akifuta jasho. "Ila mwanzo wake, kaka, unachosha kama foleni ya benki. Wanasema ukivumilia huko mbele utalia. Sasa wateja wangu ni watu wa kuvumilia?"

"Niachie mimi," Kasuku akasema kwa sauti ya jambazi, na Tajiri akacheka, akaenda zake.

Ilikuwa habari ya stesheni ndogo kwenye nchi ya baridi. Sehemu ya kwanza, mvua. Mkuu wa stesheni anaandika saa za treni ubaoni kwa chaki. Wazee wawili wanakunywa chai bila kusemeshana. Mwanamke mmoja wa makamo, kitambaa kichwani, anafuta mabenchi. Anafuta benchi, anasuuza dekio, anafuta benchi lingine. Hasemi neno. Sehemu ya pili, mvua tena.

Kasuku aliona hapa duka litalala. Na yule mwanamke, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umefungwa tu, ungeweza kumwekea lolote. Akamwekea. Akambatiza Bi Kufuli, akampa kasauti kembamba kama ka mlango usiotiwa mafuta, awe anasema moyoni. "Ah, kiuno changu jamani! Huyu naye, viatu kama amekanyaga panya mfu! Treni hiyoo, leteni matope yenu, mtumwa wenu nipo!"

Watu walivunjika mbavu. Sehemu tatu za kwanza zilitoka dukani kama mkate wa moto. Akina mama walimwigiza Bi Kufuli wakifagia. Tajiri alipiga simu kusema tu, "Wewe ni mchawi."

Jumapili ikafika.

"Nimeizima," mkewe alisema.

"Imekuchosha? Mwanzo wake mzito, lakini—"

"Haijanichosha. Umemfanya yule mama kikaragosi. Amekukosea nini?"

Kasuku alichukua neno lililokuwa karibu. "Ah, kiuno changu jamani!" akalia kwa kale kasauti.

"Haya. Kwaheri," mkewe akasema, akakata. Jumapili iliyofuata simu haikulia, wala ile nyingine.

Akaendelea kurekodi. Sehemu ya nne, ya tano, ya sita, Bi Kufuli akilalamika kwa raha zake, mpaka wakafika ya tisa. Fundi alikuwa amekwenda kula. Kasuku alibonyeza, akajipangusa uso, akasogeza maiki.

Stesheni ilikuwa tupu. Mkuu wa stesheni alimletea yule mwanamke kikombe cha chai, akamwambia serikali imeamua kuifunga stesheni, kwa hiyo asisumbuke tena na mabenchi. Yule mwanamke akaweka dekio chini. Akakaa. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu tamthilia ianze, akafungua mdomo.

Maandishi ya tafsiri yakapita chini ya kioo. Wakati wa vita alimpandisha mwanawe treni hapo hapo, kwenye behewa la watoto, akaambiwa atarudishwa. Vita vikaisha. Akaomba kazi ya kufuta mabenchi. "Sikuja kwa ajili ya mabenchi," alisema. "Nilikuja kuona nyuso za wanaoshuka."

Kasuku alikuwa amefungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Sauti gani? Kale kasauti ndiko alikompa, na nyumba zote zilikajua. Akikatumia hapa, watu watacheka. Akileta nyingine, watauliza huyu ni nani tena. Picha ikaendelea kwenda bila neno, yule mwanamke akisogeza midomo yake, mpaka chai ikapoa.

Alizima maiki. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake akarudi nyuma kutazama, mpaka sehemu ya kwanza. Na kumbe jambo lilikuwapo tangu huko. Kila treni ilipoingia, yule mwanamke aliacha kufuta, akainua kichwa. Anatazama mlango wa behewa, watu wanashuka, anateremsha kichwa, anasuuza dekio. Huo uliokuwa ukionekana mwanzo mbovu, usiokwisha, ndio ulikuwa habari yenyewe. Na kila alipoinua kichwa, juu yake kulikuwa na kale kasauti: leteni matope yenu.

Alikaa na taulo usoni mpaka mashine ya fundi ikaanza kulia.

Kesho yake akaenda dukani.

"Unataka kufanya nini?" Tajiri aliuliza, akadhani hakusikia.

"Nirudie zote toka mwanzo. Yule mama asiseme kitu."

"Bi Kufuli? Watu wanamuulizia kuliko wanavyouliza hali yangu, wewe unataka kumziba mdomo?"

"Hana maneno mpaka ya tisa, Tajiri."

"Na mpaka huko nani atakuwa macho? Mimi nimejaribu, nimelala nimekaa!"

Kasuku hakujibu kwa sauti yoyote. Alisimama tu. Tajiri akamtazama kama anayemwona leo, kisha akajikuna shingo. "Rudia. Lakini watakaokutukana watakutukana wewe, mimi simo."

Akarudia. Kurekodi ukimya kulimtoa jasho kuliko vita na harusi. Mdomo ulizoea. Mwanamke akishika kiuno, ulimi wa Kasuku unawasha. Mara kadhaa neno lilimponyoka, akalazimika kuanza upya.

Nakala ya kwanza hakumpa Tajiri. Aliitia kwenye flashi, akaipeleka mwenyewe kwa mkwewe. Mama mkwe alimfungulia, mguu umefungwa bendeji.

"Karibu, baba. Mwenzio yuko kazini."

"Shikamoo, mama. Mguu unaendeleaje?"

Mama mkwe akamtazama kidogo, kama anangojea daktari mlevi. Hakuja. "Afadhali," akasema. "Leo unauma kidogo." Akamweleza tangu mwanzo, dawa ya kwanza, dawa ya pili, na Kasuku akasikiliza yote amesimama hapo mlangoni. Ndipo akamkabidhi flashi.

"Mwambie mwanzo unachosha. Ajikaze, afike ya tisa. Mimi sitaki kingine."

"Hebu nifanyie Bi Kufuli basi, kabla hujaenda."

"Huyo hajaanza kusema, mama."

Zile nyingine zikaenda dukani, na mambo yakawa kama Tajiri alivyosema. Kasuku alipita kwenye banda la video, akakaa benchi la nyuma asijulikane. Sehemu ya kwanza haijafika nusu, watu wakaanza kupiga miluzi.

"Huyu Kasuku kalala kwenye maiki!"

"Muamsheni, muamsheni!"

"Benchi limeshatakata, mama, nenda nyumbani!"

Wakatoka mmoja mmoja, wengine wakigonga magoti yake wakipita. Mwenye banda akauliza waliobaki kama awawekee mpira, wakasema weka. Kasuku akanyanyuka naye akatoka, kwa maana kubaki kungemtambulisha.

Jumapili ya kwanza, kimya. Aliiweka simu mezani, kwenye chumba cha nyumbani, akakaa mbele yake kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Aliiwasha na kuizima kuhakikisha haijafa. Angeweza kupiga yeye. Lakini angesema nini? Umefika wapi? Hilo lilikuwa sawa na kumsukuma mtu mgongoni. Na akiulizwa kuna nini huko mbele, alijijua, atasema.

Jumapili ya pili, alasiri, ikalia.

"Mama amelala sehemu ya kwanza, akalala ya pili, ya tatu hakuamka kabisa," mkewe alisema, bila salamu.

"Na wewe?"

"Mimi nimesinzia. Nikarudisha nyuma." Akaielekeza simu kwenye televisheni. "Iko hapa, inaendelea. Ni mvua tu."

Kasuku alisikia mvua hiyo kwenye simu. Akajisikia na yeye mwenyewe, mbali, ndani ya televisheni ya watu, akiwa mkuu wa stesheni, akisoma saa za treni. Akaminya midomo.

"Umenyamaza," mkewe akasema.

"Nakusikiliza."

"Hutaki kunifanyia mkuu wa polisi?"

"Hapana."

Mvua ikaendelea. Kiti kilikwaruza sakafu. Mkewe alikuwa amesogea karibu na kioo. Walikaa hivyo, simu masikioni. Kisha mkewe akasema polepole, si kama anayemuuliza mtu, "Huyu mama. Mbona kila treni ikija anainua kichwa?"

Jibu lilikuwa pale pale kwenye meno ya Kasuku, alilijua neno kwa neno, na sauti yake alikuwa ameshaipata, ya kawaida tu, isiyo ya mtu mwingine.

"Tazama," alisema.

"Ni mpaka hiyo ya tisa?"

"Wewe tazama tu."

Alimsikia akivuta pumzi, kama anataka kuongeza neno. Nyuma yake honi ya treni ikalia, ndefu.

"Basi nakata," mkewe akasema haraka. "Inaingia."