Aliyepelekwa Shule kwa Kushindwa Kuchunga

Wiki iliyopita niliitwa kijijini kwetu, huku Shinyanga, nikatoe zawadi kwa watoto waliofaulu kuliko wenzao. Mkuu wa shule, kijana mwenye adabu zake, alinishika mkono akawaambia: "Mzee huyu mnayemwona, enzi za mkoloni alichaguliwa peke yake katika mji wao kwenda shule. Mnajua kwa nini? Kwa sababu ya akili zake!" Makofi yakalia. Ndugu yangu, niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Maana ukweli ni huu. Siku hizo mjumbe wa mtemi alipita kila mji akidai mtoto mmoja wa kupeleka shule ya serikali, na hakuna mzee aliyekuwa tayari kutoa mtoto anayefaa. Mtoto hodari aliachwa na ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe ndio mahari, ndio maziwa, ndio heshima ya mji. Shule ilipewa yule anayeduwaa malishoni, yule ambaye hata ndama wanamdharau. Kwetu huyo alikuwa mimi. Babu hakuhitaji kufikiri. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake," alisema, akanipapasa kichwa kilichonyolewa jana yake, "ila kwa huyu wembe umepita." Bibi alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Aliyebaki na ng'ombe ni mdogo wangu. Huyo akipiga mluzi mmoja tu, ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyopinda, aliyekuwa akitangulia, aligeuka na kundi zima likageuka naye. Jioni wakisharudi zizini tuliketi shikome, ule moto wa wanaume uani, moshi wa samadi ukituingia machoni, tukitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Mimi nilichora kwenye majivu herufi za siku hiyo, nikizikariri kwa taabu. Yeye aliketi ng'ambo ya moto, akitazama. Nilidhani anaota joto.

Siku moja mwalimu wetu, mtu wa pwani mwenye kanzu safi na hasira za karibu, alikuja nyumbani kumweleza babu kwamba mimi ni mzito. Mkononi alikuwa na kitabu. Mdogo wangu alikiomba akitazame, akakishika kichwa chini miguu juu. Tulicheka sote. Kisha akaanza kusoma. Alisoma ukurasa ulionishinda mimi wiki nzima, akausoma bila kukwama, kitabu kikiwa vile vile kichwa chini, maana herufi alizijua kutokea upande wake wa moto.

Mwalimu alikichukua kitabu chake, akakifunga. "Mzee wangu," akamwambia babu, "mimi umenipa ganda, punje umeificha nyumbani. Nipe huyu, nitamfikisha Tabora kwenye shule kubwa."

"Na ng'ombe achunge nani, ng'wanangu?" babu aliuliza.

Mwalimu akanitazama. Babu naye akanitazama, akashusha pumzi. "Haya," akasema. "Tujaribu."

Basi tukabadilishana. Yeye akavaa kaptula yangu ya kaki, mimi nikachukua fimbo yake. Nilitaka afike Tabora, Mungu ni shahidi yangu. Alikuwa akirudi jioni na maneno mengi ambayo sikuyajua, akasema mwalimu ameshamketisha na wakubwa, na bado anawashinda. Mimi niliomba tu ng'ombe wanizoee kabla babu hajachoka nami.

Nyakati hizo pori la magharibi lilijaa mbung'o. Watu walikuwa wamefyeka ukanda mpana ili inzi hao wauao ng'ombe wasivuke, na kila mchungaji alijua kwamba ng'ombe akiupita ukanda huo amekwisha. Siku ile ndama alizama kwenye tope la lambo. Nilimvuta mpaka viganja vikachubuka. Nilipoinua macho, kundi lilikuwa limeshafika ukandani. Nilikimbia huku nikipiga mluzi, nikapiga mpaka midomo ikakauka. Yule mwekundu alinitazama kama anayemtazama mgeni aliyekosea mji, kisha akaingia porini na wenzake nyuma.

Tuliwarudisha jioni, mbung'o wameshawauma. Hazikupita wiki nyingi, manyoya yakaanza kuwasimama, machozi yakawatoka, mbavu zikaonekana. Mwekundu alitangulia kufa, wengine wakafuata. Babu hakunichapa, na afadhali angenichapa. Alimgeukia mdogo wangu akasema, "Kalamu haikamuliwi maziwa." Mdogo wangu akaivua ile kaptula, akaikunja vizuri, akanirudishia. Mwalimu alikuja kusihi. Babu alimkaribisha togwa, maneno hakumkaribisha.

Nilimaliza madarasa kwa kusukumwa, nikawa karani kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, watu wakaniita msomi. Nikirudi likizo nilibeba gazeti. Mdogo wangu, mikono imemkakamaa kwa kukamua, hakutaka kuketi kando yangu. Aliketi ng'ambo ya moto kama zamani, nami nikasoma kwa sauti. Habari ikiwa ya kuchekesha, alicheka kabla sijafika mwisho wa mstari. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniunguza.

Pori lile leo ni mashamba ya pamba. Mbung'o hakuna, shikome hakuna anayeuwasha, na mdogo wangu tumeshamzika. Gazeti nalisoma peke yangu.

Basi pale shuleni makofi yalipotulia niliwaambia watoto ukweli: kwamba mimi nilipelekwa kwa sababu sikufaa kuchunga, na mwenye akili alibaki na ng'ombe mpaka kufa kwake. Wakacheka. Mkuu wa shule naye alicheka mpaka akafuta machozi. "Mnaona, watoto?" akasema. "Mwenye akili hajisifu." Wakapiga makofi kuliko ya mwanzo, nami nimesimama mbele yao, zawadi mkononi, sijui uso wangu niuweke wapi.