Watu Sitini wa Maige

Maige alikuwa mtu wa duara. Kwa miaka kumi na minane aliteremka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Mwakitolyo, na kila asubuhi kabla ya kushuka alifanya kama wenzake wote: alimeza vidonge viwili vya maumivu, akashushia na soda. Walivimeza mgongo ukiwa bado mzima, ili maumivu yakija yakute mlango umefungwa.

Kilichompeleka hospitali mjini Shinyanga ni miguu. Ilivimba hata buti zikagoma kuingia, na mkewe, Esta, akaapa hatapika tena mpaka aone cheti. Daktari Juliana alimpima presha, akachukua damu na mkojo, na majibu yalipotoka akayaingiza kwenye kikokotoo cha figo kilichomo kwenye simu yake pamoja na umri wa mgonjwa. Kisha akamweleza taratibu kwamba figo zake zimechoka lakini hazijafa.

"Baba Nelly, tukichukua watu mia wenye majibu kama yako, arobaini figo zao zitakufa kabla ya miaka miwili."

Akaongeza na mengine: avitupe vile vidonge vya maumivu, maana ndivyo vinavyochosha figo, ameze vya presha kila siku, arudi kila baada ya miezi mitatu. Hayo Maige aliyaitikia kwa kichwa tu. Akili ilishabaki kwenye hesabu.

Sasa msimcheke haraka. Huko machimboni, katika maduara mia, mawili yakitoa dhahabu, watu huchinja mbuzi. Mtu aliyeacha shamba la pamba la baba yake kwa bahati ya mbili katika mia, leo anaambiwa ana sitini! Maige alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Esta alimuuliza daktari kasemaje. Akamjibu kwamba arobaini watakufa figo na sitini watapona, na yeye tangu azaliwe hajawahi kupewa sitini na mtu yeyote.

"Na hao arobaini," Esta akauliza, "wao walijiona wako upande gani?"

Maige akamjibu kwamba yeye Esta hayajui mambo ya duara. Kesho yake alishuka shimoni na vidonge vyake viwili tumboni. Vya presha alivimeza wiki mbili, akaona havimwongezei nguvu, akaviacha. Kila Esta alipomkumbusha kurudi kliniki, alimtajia sitini yake. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Maige lilikuwa limejaa vumbi la mawe vilevile.

Mwaka mmoja na nusu ukapita hivyo. Uso ukaanza kumvimba asubuhi, chakula kikamtoka kabla hakijatulia, na siku aliposhindwa kupanda kutoka duarani, wenzake walimvuta kwa kamba kama gunia la mawe.

Hospitalini, Esta akiwa pembeni ya mumewe, Daktari Juliana alisoma majibu mapya mara mbili. Simu yake ilikuwa mezani na hakuigusa. Maige, akihema kwa shida, akauliza safari hii imetoka ngapi.

"Ile ilikuwa hesabu ya kutabiri, Baba Nelly. Sasa hakuna cha kutabiri."

Akawaeleza juu ya mashine ya kusafisha damu: iko Mwanza, mara tatu kila wiki, maisha yake yote. Esta alilia waziwazi, bila kujifunika uso. Maige akauliza kuhusu wale sitini, kwamba wao walifanya nini.

"Wengi niliowaona mimi," daktari akasema, "walivitupa vile vidonge."

Muuguzi akamwomba Esta amvue mumewe shati ili alazwe. Mfukoni Esta akakuta karatasi ya vidonge vya maumivu, mpya, viwili havimo. Maige alikuwa amevimeza asubuhi ile, ili aweze kuvumilia safari ya kuja hospitali.